Kuhamia simu mpya bila kupoteza hata voisi moja

Mwaka juzi mama yangu mdogo anayekaa Pangani alikuja Tanga mjini kununua simu. Akaingia duka moja akachagua simu nzuri tu, wakamwambia ile ya zamani waichukue yeye aongezee hela kidogo, na kijana wa pale akamhakikishia vitu vyote ameshavihamisha, namba zipo, picha zipo, mama mdogo akafurahi akapanda gari akarudi zake. Usiku anafungua WhatsApp, hamna kitu. Magrupu yamerudi ila ndani peupe. Na humo ndo kulikuwa na voisi za bibi, mama yake mzazi, ambaye tulimzika miezi michache kabla ya hapo. Bibi alikuwa hajui kuandika, kila kitu alikuwa anasema kwa voisi, mara anaulizia mbaazi zimefika, mara anamwombea dua mwanawe, mara anamgombeza mbona kimya. Kesho yake asubuhi tukarudi dukani wote wawili, simu imeshafutwa na imeshauzwa.

Toka siku hiyo mi simu za ndugu na majirani hapa Ngamiani nahamisha mwenyewe, nakaa na mtu saa mbili saa tatu mpaka tumalize, na nimeona watu wanapotea sehemu zilezile. Kwaio naandika hapa yote ninayoyajua, ili hata kama huna mtu wa kukusaidia ufanye mwenyewe.

Jambo la kwanza na ndo kubwa kuliko yote yanayofuata: simu ya zamani usiiachie. Usiiuze, usimpe mdogo wako, usiiongezee hela dukani siku hiyohiyo. Kaa nazo zote mbili wiki nzima, na kila kitu unachokihitaji kifungue kwenye simu mpya kwa macho yako, picha ifunguke, voisi ilie, namba ya shangazi ionekane na jina lake. Mtu akikwambia "nimeshahamisha" mwambie nashukuru, afu fungua uone. Kama ni lazima uongezee hela kwa kutoa ya zamani basi nunua mpya kwanza ukae nayo, au mwambie muuzaji utaileta Jumamosi, akikataa nenda duka jingine, Tanga maduka ya simu hayajaisha.

Tuanze na Gmail maana hapa ndo wengi wanakwama kabla hata safari haijaanza

Ukiwa na simu ya Android, yaani Tecno, Infinix, Samsung, Redmi na kadhalika, karibu kila kitu kinashikiliwa na akaunti ya Google. Sasa shida ya kwetu ni kwamba akaunti hiyo watu wengi hawakuifungua wenyewe, ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu inanunuliwa, akaandika jina analolijua yeye na paswedi anayoijua yeye, na pengine namba ya simu akaweka yake. Nimeshakaa na mama mmoja wa Makorora, simu ameitumia miaka minne, namuuliza Gmail yako ipi ananiambia mwanangu mi sina hiyo. Anayo, picha zake zote za miaka minne zimo humo, ila ufunguo hana.

Kama uko hivyo usipaniki, ila fanya sasa hivi wakati simu ya zamani bado inawaka. Ingia Setingi (au Mipangilio kama simu yako umeiweka Kiswahili), shuka mpaka Google, juu pale utaona jina la akaunti na anwani yenyewe inayoishia na gmail.com. Iandike kwenye daftari. Afu ingia sehemu ya kusimamia akaunti, nenda kwenye usalama, badilisha paswedi, na namba ya simu ya kurudishia akaunti weka yako mwenyewe, laini unayoishika mkononi. Paswedi ya zamani kama huijui bonyeza umesahau, na kwa kuwa uko ndani ya simu ambayo akaunti imeshafunguka mara nyingi Google atakubali uthibitishe kwa kufungua loki ya simu hiyohiyo. Ukisubiri mpaka simu ya zamani ife au iibiwe, mlango huo umefungwa. Paswedi mpya iandike kwenye daftari la nyumbani, lile la madeni ya duka au la mahesabu ya mchezo, usiiandike ndani ya simu ambayo ndo unaihama.

Na kama una akaunti ya zamani uliyoiacha kule, jua kwamba Google alibadilisha utaratibu, toka Desemba 2023 akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Ingia mara mojamoja.

Kingine ambacho hakuna anayekwambia, ikumbuke paterni au PIN ya simu ya zamani. Ukirudisha bekapu, yaani ile nakala ya vitu vyako iliyohifadhiwa, kwenye simu mpya Google anakuuliza loki ya ile simu ya kwanza ndo anafungua. Mtu ameshauza simu, paterni ameisahau kwa sababu alikuwa anatumia kidole tu, bekapu ipo anaiona lakini haifunguki.

Namba za watu

Fungua simu uangalie namba zako zimekaa wapi. Kuna namba ziko kwenye laini, kuna ziko kwenye simu, kuna ziko kwenye Google, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu kachanganya bila kujua. Zilizoko Google zitakuja zenyewe ukiingiza akaunti. Zilizoko kwenye simu tu hizo ndo zinapotea. Na zilizoko kwenye laini zina mtego wake, laini ina nafasi ndogo, nyingi zinabeba namba 250 hivi, na jina refu inalikata, kwaio "Fundi Bomba Chumbageni" inabaki nusu hujui ni fundi wa nini.

Mtego mkubwa zaidi wa laini ni huu hapa. Simu mpya inataka laini ndogo kabisa na we ulikuwa na kitochi cha laini kubwa, unaenda kurinyuu laini kwa kidole na namba ya NIDA, unapewa laini mpya ya namba ileile. Ile laini mpya ni tupu! Namba ya simu ni yako lakini majina uliyoyahifadhi kwenye laini ya zamani hayamo, hayo yalikaa kwenye kile kichipu cha zamani. Ukirudi nyumbani usikitupe. Na vizuri zaidi kabla hujaenda kurinyuu, chomeka laini ya zamani kwenye simu janja yoyote inayopokea laini ya saizi hiyo, ingia kwenye programu ya namba, tafuta sehemu ya kuingiza, chagua kutoka laini, peleka kwenye akaunti yako ya Google. Dakika tano.

Njia nyingine ambayo mi naipenda kwa sababu haitegemei intaneti wala nini, kwenye programu hiyohiyo ya namba kuna sehemu ya kutoa, inakutengenezea faili moja linaloishia na vcf. Faili hilo ni dogo sana, namba mia tano hazifiki hata ukubwa wa picha moja. Jitumie WhatsApp, jitumie imeili, mtumie na dada yako, weka kwenye memori kadi. Siku yoyote ukilibonyeza kwenye simu yoyote, iwe Android iwe iPhone, namba zinarudi.

Picha

Google Photos inahifadhi picha mtandaoni ila nafasi ya bure ni GB 15, na hizo ni za Gmail, za Drive (ghala la mafaili la Google huko mtandaoni) na za picha kwa pamoja. Zamani picha zilikuwa hazihesabiwi ukiweka ubora wa chini, toka Juni 2021 zinahesabiwa zote. Mwenye iPhone bure yake ni GB 5 tu za iCloud, hizo kwa mtu anayepiga video za harusi zinaisha mwezi wa kwanza.

Angalia pia kwamba Google Photos yenyewe inachukua picha ulizopiga kwa kamera. Picha ulizotumiwa WhatsApp iko hivi, zinakaa folda jingine na hazipandi mpaka uingie kwenye setingi za bekapu, uchague folda za simu uwashe na la WhatsApp. Picha ya mtoto aliyezaliwa hospitali ya Bombo ukatumiwa na shemeji, hukuipiga wewe, kwaio haipo mtandaoni kama hukuwasha.

Na tafadhali, kuna watu wanafanya bekapu kwa kujitumia picha WhatsApp. WhatsApp inaibana picha, inapungua ubora, leo huoni tofauti ila siku unataka kuisafisha uitundike ukutani unaiona ina ukungu. Ukitaka kutuma ikiwa nzima itume kama dokumenti.

Halafu ufutaji. Ukiwa ndani ya Google Photos ukafuta picha iliyokwishapanda, inafutika na mtandaoni, huwezi kusema nafuta kwenye simu itabaki juu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60 ndo inaenda moja kwa moja. Kama unataka tu simu ipumue tumia ile sehemu ya kuachia nafasi, hiyo inatoa zilizopanda tayari na kuziacha mtandaoni.

Kama bando ni tatizo, na kwa wengi wetu ni tatizo, sahau mtandao kwa upande wa picha. Chukua memori kadi au flashi ya OTG, ile yenye kichwa cha kuingia kwenye simu, ingia kwenye programu ya mafaili, kopi folda la DCIM zima na folda la Pictures. Ila kama memori kadi yako uliwahi kuiweka iwe kama sehemu ya simu, yaani simu ilikuuliza ukakubali iungane na storeji ya ndani, hiyo kadi imefungwa kwa ajili ya simu ile peke yake, ukiichomoa ukaitia kwenye nyingine itakwambia ifomatiwe. Usikubali! Irudishe kule, hamisha vitu vikiwa ndani.

WhatsApp, na hapa nitakaa

WhatsApp ya Android inaweka bekapu sehemu mbili. Moja ndani ya simu yenyewe, kila usiku mnamo saa nane inajiandikia faili. Ya pili ni Google Drive, lakini hiyo mpaka uiwashe, na siku hizi inahesabiwa kwenye zile GB 15 zako. Ingia WhatsApp, setingi, chati, bekapu ya chati. Pale soma tarehe ya bekapu ya mwisho. Isome kabisa. Nimekuta mtu bekapu yake ya mwisho ni ya miezi minane nyuma, storeji ilijaa, simu ilikuwa inamwambia kila siku na yeye anafuta ule ujumbe. Angalia akaunti iliyoandikwa pale ni ipi, kisha bonyeza bekapu mwenyewe usingoje usiku. Video kama bando halitoshi zizime, kuna kitufe chake, zihamishe kwa kadi.

Sasa siku ya kuingia simu mpya. Kunatakiwa vitu viwili viwe vilevile, namba ya simu ileile na akaunti ya Google ileile iliyoshika bekapu. Ndo maana nimeanza na Gmail huko juu. Unaingiza akaunti ya Google kwanza kwenye simu mpya, NDIPO unapakua WhatsApp, unaandika namba, inakuja kodi kwa meseji, na kama uliweka zile namba sita za usalama nazo itakuuliza. Afu itakwambia nimeona bekapu, nirudishe? Hapa ndo mahali pa kutulia. Ukibonyeza ruka, umeingia WhatsApp tupu, na haitakuuliza tena. Na mbaya zaidi ukilala hivyohivyo na bekapu imewashwa, usiku inaandika bekapu mpya, ya ile WhatsApp tupu, juu ya ya zamani. Huyu ndo adui aliyemmaliza mama mdogo naamini, kijana alikuwa na haraka akaruka.

Ukiwa umeruka kwa bahati mbaya na bado ni siku hiyohiyo, zima intaneti isije ikaandika bekapu, nenda uiondoe WhatsApp kabisa, kisha washa intaneti uipakue tena, andika namba tena, safari hii usiruke.

Kuna njia nyingine ambayo haipiti Drive kabisa na hii ndo ninayoitumia mara nyingi nikiwa na simu zote mbili mezani. Kwenye simu ya zamani ingia WhatsApp, setingi, chati, kuna kuhamisha chati. Kwenye mpya weka WhatsApp andika namba ileile, itakuuliza unataka kuhamisha kutoka simu ya zamani, ukikubali inaleta ile picha ya miraba ya kuskani, unaiskani kwa simu ya zamani. Wifi na lokesheni viwe vimewashwa kote, simu zikae karibukaribu, usizizime kioo. Chati zinapita simu kwa simu, na video na voisi zinakuja humohumo na bando haliguswi. Ya Android kwenda Android iko hivi, na iPhone kwenda iPhone pia.

Kutoka Android kwenda iPhone ni kesi tofauti na watu wanalia sana. Bekapu iliyoko Google Drive haisomeki kwenye iPhone, na ya iCloud haisomeki kwenye Android, hizo nyumba mbili hazizungumzi. Njia ni programu ya Move to iOS, unaiweka kwenye Android, na iPhone iwe mpya au imeriseti, yaani iko kwenye zile hatua za mwanzo kabisa za kukukaribisha. Ukishaanza kuitumia iPhone ndo unakumbuka chati, inabidi uiriseti uanze upya. Kwaio mwenye kununua iPhone usiifungue njiani kwenye bajaji kwa furaha, subiri ufike nyumbani, simu zote zichomekwe kwenye chaji, ndo uanze. Kutoka iPhone kuja Android unahitaji waya wa kuunganisha simu mbili, na Android yenyewe iwe mpya mpya, kuanzia toleo la 12.

Mwisho kwenye WhatsApp, kama uliwahi kuwasha bekapu iliyofungwa kwa paswedi au kwa funguo ya tarakimu 64, hiyo hakuna wa kukurudishia, WhatsApp wenyewe hawana. Kama huikumbuki izime sasa hivi ungali ndani, ufanye bekapu upya.

Na telegramu usihangaike, chati za kawaida zote ziko kwao, ukiingia kwa namba yako zinakuja.

Hela na meseji za hela

Hela haiko kwenye simu, iko kwenye akaunti ya namba yako huko kwa mtandao. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa, ukihamisha laini hela imehama, piga *150*00# au ile ya mtandao wako uangalie salio uridhike. Programu zake pamoja na za benki hizo hazihami na loginzi zake, utapakua upya utajiandikisha upya, ni sawa, ni kwa usalama wako. Namba ya siri usimpe anayekuhamishia simu, hata kama ni mimi.

Ila meseji za miamala wengi wanazisahau. Wenye biashara pale Deep Sea wanaopokea hela za samaki kwa simu, wale meseji ndo risiti zao, mteja akibisha unarudi nyuma unamwonyesha. Meseji za kawaida hazimo kwenye WhatsApp wala kwenye picha, ziko kwenye bekapu ya Google ya simu. Ingia Setingi, Google, bekapu, hakikisha imewashwa na pale pameandikwa meseji na historia ya simu zilizopigwa, bonyeza bekapu sasa. Jua tu kwamba bekapu ya Android mpya haikubali kurudi kwenye Android ya zamani zaidi, kwaio ukinunua simu iliyotumika ya bei nafuu uangalie toleo lake isiwe chini ya ile unayoitoka.

Na kama unatumia programu ya kodi za usalama za Google, ile inayotoa namba sita zinazobadilikabadilika, ihamishe mapema ukiwa na simu zote mbili. Siku ya kuuza ndo unakumbuka, umejifungia nje.

Siku yenyewe ya kuhamisha

Chaji zote mbili zijae kwanza, maana umeme ukikatika katikati unaanza upya. Simu mpya ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza unataka kukopi programu na data kutoka simu nyingine, usiharakishe kupita hapo, kubali, ifuate, kwa waya ni haraka zaidi kuliko hewani. Mwenye Samsung tumia Smart Switch, nzuri sana, inabeba namba, meseji, picha, hata alamu, na unaweza kuitumia hata kama simu umeshaianza. Redmi wana Mi Mover. iPhone kwa iPhone zisogeze tu karibu, ya zamani inaiona mpya inakuuliza. Kama simu hazielewani kabisa Xender au Quick Share zinapitisha mafaili makubwa bila bando, lakini hizo ni za picha, video na miziki, usitegemee zikuletee chati na meseji.

Mi huwa nakaa na daftari. Naandika namba ngapi zipo ya zamani, picha ngapi, meseji ya kwanza kabisa ya tarehe gani, afu nalinganisha na mpya. Ukiona 612 huku na 590 kule unajua kuna 22 zimebaki kwenye laini au kwenye simu, unazifuata.

Kama simu ya zamani imeshaharibika

Kioo kinaonyesha lakini hakisikii kidole, chukua kile kiunganishi cha OTG chomeka mausi ya kompyuta, mshale unatokea, unaendesha simu kwa mausi mpaka umalize bekapu. Hii imeniokolea watu wengi na mausi ni ya kuazima tu kwenye stesheneri. Kioo kimekufa kabisa ni giza, basi tia kioo kwanza hata kama simu huitaki tena, ni gharama ila ndo njia.

Imeingia maji, na huku kwetu maji yenyewe ni ya chumvi, mtu kadondosha akiwa anavuka kwenda kisiwa cha Toten au Raskazone anaogelea nayo mfukoni, izime hapohapo, usiichaji, usiiwashe kujaribu, mchele usihangaike nao, chumvi inakula ndani kila saa inayopita. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo na umwambie neno moja kwa sauti: nataka vitu vilivyomo, usiflashi. Fundi kwake simu kuwaka ndo kupona, na kuflashi ndo njia ya mkato ya kuiwasha, vitu vyako vinaondoka. Mwambie mbele ya mtu mwingine.

Ukishajiridhisha, wiki imepita

Toa laini, toa memori kadi. Ingia Setingi, akaunti, ondoa akaunti ya Google kwanza ndo uriseti. Ukiriseti bila kuondoa, anayeinunua akiiwasha inaweza kumuuliza akaunti yako, atarudi kwako na maneno. iPhone vilevile zima ile ya kutafuta simu kwa paswedi yako. Na we unayenunua iliyotumika mwambie muuzaji aiwashe mbele yako mpaka ifike skrini ya mwanzo, ipige *#06# uone namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, itume kwenda 15090 ikujibu ni simu gani, ilingane na unayoishika. Watu wa 2016 wanakumbuka simu feki zilivyozimwa zote mwezi wa sita.

Voisi za bibi

Za mama mdogo kwenye simu ile hazikurudi. Lakini jambo moja lilitujia baada ya kama wiki mbili, bibi hakuwa na simu janja yake, alikuwa anarekodi kwenye simu ya binamu yangu kule Muheza aliyekuwa anakaa naye. Ujumbe unakaa kwa aliyetuma na kwa aliyetumiwa. Kwaio ukipoteza chati fikiria nani yuko upande wa pili. Nikaenda Muheza Jumapili, nikafungua mafaili ya simu ya binamu, Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Voice Notes, zimepangwa kwa wiki, kila moja inaanza na PTT na tarehe yake. Tulikaa kwenye mkeka tukazisikiliza moja moja mpaka magharibi. Zilikuwa nyingi za watu wengine, za bibi tukapata kumi na moja, ile ya mbaazi imo. Nikazikopi kwenye folda lake peke yake, likaenda kwenye memori kadi mbili na kwenye Drive ya mama mdogo ambayo paswedi yake saivi anaijua, na kadi moja ameishonea kwenye upindo wa leso, leso ya bibi.